Upana wa Mlango wa Meli

Nyumba ya Mama Ebla,
Nyuma ya Soko la Mifugo,
S.L.P. 9,
Garissa.

20 Novemba 1966

Mpendwa Mjomba Keinan,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta nchi kavu, ukiwa mzima, wewe na Bi Bishara na watoto. Je, kile kikohozi ulichorudi nacho kutoka Bombay kimekwisha? Mama anauliza kama bado unalala karibu na injini. Anasema unywe maziwa ya moto yenye tangawizi kila jioni, hata kama huko Mombasa hamna ila ya ng'ombe.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mvua imenyesha, Mto Tana umejaa na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Mbu wametuzidi. Baba bado yuko Griftu na wanyama, hawezi kuja mpaka apewe kibali cha kusafiri, lakini madereva hutuletea salamu zake. Usiku haturuhusiwi kutoka nje wala kuacha taa ikiwaka, kwa hiyo nakuandikia mchana, kwenye dawati langu shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili, anayetoka Lamu, amenipa karatasi na ruhusa. Kama afisa ataifungua barua hii njiani, namsalimu yeye pia. Hatakuta humu ila habari ya safari ya Hija.

Mtihani wa darasa la saba tumeumaliza. Hesabu zilinisumbua, insha haikunisumbua. Tunangoja majibu. Nikipita, mwalimu anasema iko njia ya kusomea uuguzi. Sijamwambia mtu mwingine, kwa hiyo usimwambie Mama kabla yangu.

Sasa nigeukie jambo lililonifanya nikuandikie.

Barua yako ya mwezi wa tisa, uliyomwambia Bi Bishara akuandikie, ilifika, nikawasomea Mama na Mama Mkubwa Shamso, nikiigeuza kwa Kisomali sentensi baada ya sentensi. Tulifurahi kusikia kwamba meli yenu itachukua mahujaji wa Jidda baada ya Idi. Kisha nikafika pale ulipoandika kwamba Mama Mkubwa asije. Ulieleza vizuri, Mjomba. Ulisema ngazi ya kupandia ni ndefu na nyembamba, tena inayumba. Ulisema milango ya vyumba ni myembamba, na chini ya kila mlango kuna kizingiti cha chuma cha kuzuia maji ambacho hata mtu mzima hukiruka. Choo kiko mbali na vitanda. Na karani wa tiketi hampokei abiria asiyeweza kupanda ngazi kwa nguvu zake mwenyewe.

Nilipokuwa kwenye habari ya ngazi, Mama Mkubwa alinikatiza.

"Hiyo meli haipigi magoti?"

"Haipigi, Mama Mkubwa."

"Hata kwa mgonjwa?"

"Hata kwa mgonjwa."

"Basi haikufunzwa. Hata yule ngamia mkorofi wa baba yetu, aliyemng'ata kila mtu, alipiga magoti mgonjwa alipotaka kupanda."

Mama alicheka mpaka akamwaga chai. Mama Mkubwa hakucheka. Aliniambia niendelee, nami nikasoma habari ya yule mzee wa mwaka jana, ambaye miguu yake haikuweza kitu, akapandishwa kwa wavu wa kupakilia mizigo huku watu wakichungulia kama wanamtazama ng'ombe akipakiwa. Uliandika kwamba uligeuza uso. Uliandika kwamba hutaki siku moja ugeuze uso kwa dada yako.

Mjomba, nilielewa kwamba uliandika kwa mapenzi. Mama Mkubwa pia alielewa. Ila nadhani kuna jambo hulijui. Hujamwona tangu ajali. Ulipoondoka alikuwa anatembea mbele ya ngamia na kuwaimbia. Kisha Bi Bishara akakusomea kwamba lori alilopanda, likitoka Wajir na madebe ya samli, limekanyaga bomu lililofukiwa barabarani. (Nani alilifukia hatujui, na huku si busara kuuliza.) Ukasomewa kwamba mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti, na wa kulia haukunjiki wala haubebi mwili. Kwa hiyo nafikiri katika moyo wako bado amelala kwenye mkeka. Hajalala, Mjomba. Naomba nikuonyeshe alivyo sasa.

Hirsi, fundi wa malori, alimtengenezea kibao chenye magurudumu madogo. Mama Mkubwa hukaa juu yake, akashika vipande viwili vya mti mkononi, akajisukuma. Kila asubuhi huenda sokoni kuuza chai, na akija kwa kasi mbuzi humpisha. Mikono yake imekuwa kama ya wale wanaume wanaovuta maji kwenye visima virefu. Wachuuzi humwita Dereva. Mmoja alimwuliza leseni yake iko wapi, akajibiwa, "Iko chini ya gurudumu, leta mguu wako uitafute."

Baada ya barua yako alikuja Haji Yarow. Yeye amekwisha hiji, nawe unajua alivyo mtu mwema. Alikaa, akanywa chai, akasema kwa upole kwamba Mwenyezi Mungu hamlazimishi asiyeweza, na kwamba yuko tayari kumhijia Mama Mkubwa mwaka huu kama sheria inavyoruhusu. Mama aliona ni neema. Hata mimi niliona ni neema. Mama Mkubwa akampa kikombe cha pili, akasema:

"Haji, sheria naijua. Asiyeweza huhijiwa. Lakini mimi naweza. Meli ndiyo haiwezi. Sasa, utaihijia meli?"

Haji Yarow aliweka kikombe chini akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Lakini hakuliondoa neno lake. Alisema atangoja. Ikifika Ramadhani bila jibu la kutuliza moyo kutoka kwako, atachukua tiketi yeye, kwa sababu mwaka ujao hakuna ajuaye kama njia zitakuwa wazi. Ndiyo maana naandika sasa. Ramadhani haiko mbali.

Haji Yarow ndiye pia aliyetuambia jambo lililonishangaza. Anasema huko Makka wako watu ambao kazi yao ni kuwazungusha wasiotembea kwenye Al-Kaaba, wakiwabeba kwenye machela juu ya vichwa vyao, na hakuna anayegeuka kutazama. Nililifikiria usiku. Kumbe Makka wanamjua mtu asiyetembea. Ni njiani tu asipojulikana.

Tukaanza kufikiri habari ya ngazi. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana Garissa haina ghorofa. Utajifunzia wapi kupanda ngazi katika mji ambao nyumba zote zimekaa chini? Binamu yangu Bare, mwana wa Mama Mkubwa, alisema lori ndilo kitu kirefu kuliko vyote tunavyovipanda, basi tufanye mazoezi ya lori. Alileta vijana wenzake na kitanda cha kamba. Wakamlaza Mama Mkubwa, wakashika pembe nne, wakamwinua mabegani, wakaanza kutembea kwa heshima, polepole, pamoja. Watu wa sokoni walipowaona wakasimama. Mzee mmoja akavua viatu akajiunga nyuma.

"Nishusheni!" Mama Mkubwa akapiga kelele kutoka juu. "Nishusheni kabla hawajaanza kuniswalia!"

Yule mzee alishtuka karibu aanguke. Tangu siku hiyo Mama Mkubwa amekataa kubebwa akiwa amelala mahali popote nje ya Makka. Halafu nikaisoma tena barua yako, nikaona ulisema ngazi ya meli inapitisha mtu mmoja mmoja. Watu wanne na kitanda wangepita wapi? Sisi tulifikiri kwa akili ya lori, ambalo wa juu huvuta na wa chini husukuma.

Yeye mwenyewe ndiye aliyefikiria ukingo wa mto. Pale wachota maji wanaposhuka, wamechimba ngazi za udongo, nyembamba na ndefu, kama zako. Kabla ya mvua tulikwenda huko kila alasiri. Mama Mkubwa alikaa ngazi ya chini kabisa akiupa mlima mgongo, akaweka mikono kwenye ngazi ya nyuma yake, akajiinua, akakaa. Kisha akauvuta mguu, akaweka tena mikono. Bare alifuata na kibao. Siku ya kwanza alipanda kidogo tu, akashuka, akalia kwa hasira, akatukataza kumtazama. Baadaye akawa anafika katikati. Baadaye akafika juu.

Wanawake wenye madebe hawakumwonea huruma sana.

"Shamso, unawategea mamba?"

"Mamba wa hapa hawanitaki. Wanaogopa ulimi."

"Basi sogea, watoto wetu watakufa kiu!"

Wengine walimruka. Mmoja alimmwagia maji kichwani, nadhani si kwa makusudi. Nikaona kwamba mikono yake haishindwi na ngazi, ila watu walio nyuma ndio wanaomchosha. Akiharakishwa, mkono huteleza. Akiachiwa nafasi, anafika. Tukaanza kwenda mapema kabla ya wote, na hakuna aliyemruka tena wala yeye hakumchelewesha mtu.

Siku moja, kabla hatujaanza kwenda mapema, alikuwapo askari kijana, mtu wa bara, anayelinda pale majini. Alimwona Mama Mkubwa akijivuta, akaona huruma, akaitupa bunduki yake mgongoni, akashuka mbio akamshika makwapani na kumwinua. Mguu wake mbovu ukajipinda. Alipiga ukelele uliowafanya ndege waruke ng'ambo ya pili. Sisi wote tulikufa kwa hofu, maana unajua jinsi mambo yalivyo huku kati ya watu na askari. Lakini Mama Mkubwa hakuogopa. Kiswahili chake ni cha sokoni, nakiandika kama alivyokisema.

"Wewe! Toa mkono! Mimi si gunia ya mahindi!"

"Pole, mama. Nilikuwa nasaidia."

"Kama wewe nataka saidia, uliza kwanza. Mahali inauma, wewe najua?"

Askari akarudi nyuma. Akafuta jasho. Kisha akauliza, "Basi, mama, mkono wangu niuweke wapi?"

Mjomba, tangu atoke hospitali watu wamemwinua, wamemlaza, wamemgeuza, na sote tulikuwa tunampenda. Hata mmoja wetu hakuwahi kumwuliza swali hilo. Mimi pia sikuwahi. Mama Mkubwa alimtazama yule kijana, kisha akautazama mkono wake.

"Shika ile kibao," alisema mwishowe. "Na hawa wanawake, ambia ngoja."

Askari akashika kibao kwa mikono miwili kama sinia ya karamu, akawaambia wanawake wangoje, nao wakangoja. Alimwuliza kwa nini anajitesa hivi. Mama Mkubwa akamwambia anakwenda Makka. Askari akautazama ukingo mpaka juu, akauliza kama Makka iko mlimani. Kila alipokuwa zamu baada ya hapo alimwamkia, "Shikamoo, mama, leo tunapanda?" Sasa amehamishwa. Hatujui alikopelekwa. Mama Mkubwa humtaja katika dua.

Basi, Mjomba, karani wa tiketi anasema abiria apande kwa nguvu zake mwenyewe. Mama Mkubwa anapanda kwa nguvu zake mwenyewe. Hapandi kama wengine, lakini sidhani kama tiketi imeandika mtu apande akielekea wapi. Naomba kwa heshima kubwa umweleze karani hivyo. Naomba umwombe mkubwa wako amruhusu apande kabla ya msongamano, nao watu wasubiri kidogo tu. Wewe ni mhudumu wa vyumba, unajua vilivyo. Kama kuna kitanda cha chini kilicho karibu na choo, basi kiwe chake, na debe la maji ya kutawadha liwekwe mahali mkono wake unapofika akiwa ameketi. Wenzako unaofanya nao kazi waambie wamwulize kabla ya kumshika. Nawe ni ndugu yake wa tumbo moja, akihitaji kushikwa hakuna mtu wa kusema neno. Bare atamfikisha Mombasa. Tangu Jidda atakuwa na Bi Sharifo na wanawake wenzake wa Bura ambao wanasafiri pamoja, kwa hiyo huna haja ya kuiacha kazi yako.

Kama ukiona bado haiwezekani, sema, nami nitamsomea kwa upole. Lakini naomba ufikiri tena kwanza. Naomba umruhusu aje.

Mjomba, nilidhani barua inaishia hapo. Jana niliipeleka nyumbani kabla ya kuitia kwenye bahasha, nikamsomea Mama Mkubwa yote, maana si vizuri kumwandika mtu bila yeye kujua. Naongeza haya leo asubuhi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Habari ya kitanda ilimchekesha. Habari ya askari ilimfanya amwombee dua tena. Nilipomaliza aliuliza, "Umemwomba nini?"

"Nimemwomba akuruhusu."

"Nani alikutuma uombe hilo?"

Mama akaacha kufua akatutazama.

"Keinan ni mdogo wangu," alisema. "Nampenda kuliko macho yangu, na najua anaogopa kuniona nikichekwa. Mwambie nimechekwa sokoni, nimechekwa mtoni, nimeswaliwa nikiwa hai, na bado nauza chai. Sikumtaka ruhusa. Nilitaka kujua mlango wa choo una upana gani, Hirsi asije akanitengenezea kibao kipana nikakwama humo mpaka Jidda. Hilo umeliuliza?"

Sikuwa nimeliuliza. Katika maneno yote haya, Mjomba, sikuwa nimeliuliza.

Nilitaka kuichana barua nianze upya, lakini Mama Mkubwa alisema karatasi ni ya mwalimu na isitupwe, na kwamba maneno yangu ni mazuri ila yako mahali pasipo pake. Kwa hiyo nimeyaacha, nawe uyasome kama maneno yangu mimi. Yake ni haya yafuatayo.

Kata uzi wenye upana wa mlango wa choo. Kata mwingine wenye upana wa mlango wa chumba. Kata wa tatu wenye kimo cha kile kizingiti, na huu ufunge fundo ili tusichanganye. Hirsi hajui kusoma futi na inchi kwenye karatasi, lakini uzi anaujua. Zitie zote ndani ya bahasha. Atapunguza kibao kabla ya Idi.

Kibali cha kusafiri amekwisha kukipata. Hakutuambia. Alikwenda peke yake juu ya kibao chake mpaka ofisi ya serikali, akangoja kwenye jua na wengine, akarudi nacho kifuani. Alikitoa jana mbele yetu, akanipa nikisome. Jina lake limepigwa chapa vizuri kabisa. Mama alikishika kwa ncha za vidole, kisha akaingia ndani, nasi tukamsikia akilia kidogo. Haji Yarow ameambiwa jana hiyo hiyo. Amesema atampa mkeka wake wa safari.

Mama Mkubwa ataondoka na msafara wa kwanza wa malori baada ya Idi, kisha treni kutoka Nairobi. Nilimwuliza, "Na kama Mjomba akijibu hapana?" Alijibu bila kufikiri, nami naandika kama alivyosema:

"Hapana si neno la kuandikiana. Mwambie nitakuwa pale chini ya ngazi yake, nimekaa. Kama ni hapana, ashuke aniambie mwenyewe."

Msalimie sana Bi Bishara, na umwambie namshukuru kwa kukusomea barua ndefu kama hii. Wasalimie watoto, Guleid na Maryan. Mama anakusalimia kwa machozi na kicheko, Bare anakupa mkono, na Haji Yarow anakuombea dua. Mola akuhifadhi juu ya maji na nchi kavu, na akukutanishe na dada yako mkiwa na afya na furaha.

Ni mimi mpwa wako, mwenye mapenzi mengi kwako,

Kaaha Mursal